Kuku Wanne wa Kuanzia: Ufugaji wa Uani kwa Jamaa za Askari wa Arua na Koboko

Mwezi wa Januari unapofika, pepo kavu huvuma juu ya Koboko na vumbi jekundu huingia hata katika sahani ya chakula. Ndipo akina mama wa nyumba za askari wanapoyafungua mabanda yao ya kuku alfajiri kwa moyo wa wasiwasi, kwani msimu huo ndio msimu wa kideri. Mama mmoja, mke wa sajini wa polisi, alinisimulia habari za Januari moja ambayo hajaisahau. Siku ya Jumatatu alikuwa na kuku 34. Jumanne aliwaona wawili wamesimama pembeni, mbawa zimelegea, wakiharisha uharo wa kijani. Jumatano mmoja alikuwa amepinda shingo hata kichwa kikatazama mgongoni. Kufika Jumapili walikuwa wamesalia 3.

Kuku wale hawakuwa wa kitoweo tu. Binti yake wa kwanza alikuwa anaanza shule ya sekondari mwezi wa Februari, na hesabu ya karo ilikuwa imekwisha kupigwa: jogoo hawa kwa sare, matetea wale kwa godoro na sanduku, na waliobaki kwa ada yenyewe. Baba alikuwa kazini mpakani, na mshahara ulikuwa na kazi zake. Katika nchi yetu muhula wa kwanza huanza wakati ule ule kideri kinapokuwa na nguvu, na hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Kuku huwafia watu katika mwezi ambao wangewauza.

Nilipomwuliza ugonjwa ule uliingiaje, mama huyo hakuficha. Jumamosi iliyotangulia alikuwa amenunua matetea wawili kando ya barabara kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza, kwa bei ambayo, kwa maneno yake, "ingalinifundisha kitu kama ningalikuwa na masikio." Aliwatia ndani ya banda moja na wenzao usiku ule ule.

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kilitambuliwa rasmi na wataalamu mwaka 1926 huko Java, na mwaka huo huo karibu na mji wa Newcastle nchini Uingereza, ambao ugonjwa ulipewa jina lake katika vitabu. Huletwa na virusi, na hakina dawa. Narudia neno hilo kwa sababu wapo wauzaji wanaotembeza vidonge na unga wa kila rangi wakidai kuwa vinatibu kideri. Mwenye kuku wagonjwa akinunua vitu hivyo atapoteza kuku na fedha pamoja. Kinachofaa ni chanjo tu, nayo hutolewa kabla ya ugonjwa kufika. Nitairudia habari hiyo mbele.

KUANZA KIDOGO

Ndugu msomaji, kama wewe ni askari au mke wa askari mwenye nia ya kufuga kuku katika uwa wa nyumba yako, shauri langu la kwanza ni kwamba uanze na matetea wanne na jogoo mmoja. Jogoo mmoja huweza kutosha matetea 8 hata 10, kwa hiyo kwa mwanzo huna haja ya wa pili; wawili watapigana tu. Nawajua watu walioanza na kuku 100 kwa mkopo, na nawajua wachache sana kati yao waliokuwa na kuku mwaka wa pili. Wanajeshi wanacho chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wanacho Exodus. Vyama hivyo ni vizuri, lakini si busara kukopa kwa ajili ya kazi ambayo hujajifunza makosa yake. Jifunze makosa kwa kuku wanne. Gharama yake ni ndogo.

Kabla ya kununua hata kuku mmoja, pata idhini ya mkuu wa kambi au ya sajini meja anayesimamia usafi wa nyumba. Kila kambi ina kanuni zake, na askari ambaye jogoo wake huwika saa tisa ya usiku chini ya dirisha la afande, au ambaye matetea wake huchakura katika bustani ya maua mbele ya ofisi, hatakaa na kuku wale muda mrefu. Mzungumze na jirani pia. Nyumba za kambini zimebanana, na kinyesi cha kuku wako kitanuka kwake kabla hakijanuka kwako.

Matetea wa kuanzia wanunue kwa mtu unayemjua, nyumbani kwake, ili uone na wale wengine wanaobaki. Sokoni humwoni mama yake wala ndugu zake. Tetea mzuri ana macho maangavu, kishungi chekundu, pua kavu, na manyoya safi karibu na mkia. Akishafika kwako, mtenge mbali na wengine kwa siku 14. Siku hizo huonekana ndefu, hasa kwa watoto wanaotaka kumwona akichanganyika na wenzake, lakini kama yule mama wa Koboko angalifanya hivyo, wangalikufa wawili badala ya 31.

Sasa huulizwa sana: wa kienyeji au Kuroiler? Kuroiler ni kuku aliyezalishwa India, naye alienea nchini Uganda kwa kazi ya kituo cha taifa cha uzalishaji wa mifugo kilichoko Entebbe. Hukua upesi, huwa mzito, na hutaga mayai mengi kuliko yule wetu, ambaye aghalabu hutaga mara tatu au nne kwa mwaka, mayai 10 hata 15 kila mara. Lakini Kuroiler haatamii. Anayetaka vifaranga vyake hana budi kuvinunua kila mara, tena huja bila mama, nao wahitaji joto la jiko kwa wiki tatu au nne. (Hapa natoa onyo moja. Jiko la mkaa la kuwapasha vifaranga moto lisiwekwe kamwe katika chumba wanacholala watu. Moshi wa mkaa usioonekana huua jamaa nzima usingizini.) Isitoshe, Kuroiler hula sana. Mwenye kuanza na achukue wa kienyeji, ambaye anajua kujitafutia, anajua kumkimbia mwewe, na anajua kulea. Akishapata uzoefu, ajaribu wale wengine.

Juu ya banda sitasema mengi, kwani kila askari anajua kujenga. Liinuliwe juu ya nguzo, magotini hata kiunoni, na kila nguzo ivishwe kipande cha bati kilichokunjwa ili panya na kicheche wasipande. Upande mmoja uachwe wazi kwa wavu au kwa fito, hewa ipite. Nafasi ya meta moja ya mraba hutosha kuku wa kienyeji wanne au watano kwa kulala. Weka fito za kulalia, na viota viwili vyenye nyasi kavu mahali penye giza kidogo. Kinyesi kinachodondoka chini ya banda kikusanywe kwa wiki na kupelekwa katika bustani ya mboga. Nyasi za osubi na sukuma zilizowekewa samadi ya kuku huonekana tofauti hata na mtu apitaye njiani.

VIFARANGA NDIO KAZI YENYEWE

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kufuga kuku ni kuwalisha wakubwa. Sivyo. Kuku mkubwa wa kienyeji karibu hujifuga mwenyewe. Kazi ni wiki nane za kwanza za kifaranga, na faida yote au hasara yote hupatikana humo. Tazama hesabu hii. Matetea wanne, kila mmoja ameatamia mayai 12, na kila mmoja ameangua vifaranga 10: hao ni 40. Ukiwaachia uwanja pamoja na mama zao tangu siku ya kwanza, kama ifanywavyo katika nyumba nyingi, si ajabu nusu wakafa au wakaliwa, wabaki 20. Ukiwaangalia vizuri waweza kubaki na 32. Hao 12 waliozidi hukununua. Umewapata kwa tenga moja na muda kidogo.

Anza na mayai. Yakusanye kila siku kwa penseli, yaani uandike tarehe juu ya ganda, na uyaweke mahali pa baridi, ncha nyembamba ikiwa chini. Yai lililopita siku 10 usiliatamishe, lile. Yafaa pia matetea wako waatamie siku moja. Aliyetangulia kupata hamu ya kuatamia mpe yai moja au mawili ya kumdanganya, akae juu yake akiwangoja wenzake, kisha usiku mmoja uwape wote mayai halisi pamoja. Siku ya 7, jioni kukiwa na giza, shika tochi na upime kila yai kwa mwanga. Lenye mishipa kama utando wa buibui lina kifaranga. Lililo angavu tupu halina mbegu, na laweza kuliwa. Siku ya 21 utasikia sauti ndani ya maganda. Usisaidie. Kifaranga asiyeweza kutoka mwenyewe mara nyingi hana nguvu ya kuishi.

Faida ya kuwaanguisha pamoja ni hii: vifaranga wote huwa wa umri mmoja, huchanjwa siku moja, na huweza kulelewa na matetea wawili tu, huku wale wengine wawili wakirudi kutaga upesi.

Tenga la kusukwa, lile lile ambalo wachuuzi huwabebea kuku juu ya baiskeli katika barabara ya Arua, ndilo shule ya vifaranga. Wiki mbili za mwanzo mama na wanawe wakae chini ya tenga kubwa mchana, pakavu, penye kivuli na jua kwa zamu, na usiku waingizwe ndani. Mwewe hawezi kuwafikia, na mvua ya Agosti, ambayo huua vifaranga wengi kuliko mwewe, haiwanyeshei. Baadaye mama aachwe atoke, na vifaranga wapewe chakula chao chini ya tenga lenye matundu wanayoweza kupita wao ila mama hawezi. Maji yatiwe katika kisahani chenye mawe madogo, kwa sababu kifaranga huzama katika maji ya kina cha kidole. Ukiona kinyesi chenye damu, hiyo ni kuhara damu. Kausha matandiko yao upesi na utafute dawa ya jamii ya amprolium kutoka kwa mganga wa mifugo, kwani ugonjwa huo, tofauti na kideri, unatibika ukiwahiwa.

CHAKULA CHA NCHI YETU

West Nile haikosi chakula cha kuku. Mtama, mahindi na ulezi hutoa nguvu. Mashudu ya ufuta, soya, na dagaa wa Ziwa Albert waletwao kutoka Panyimur hutoa nyama ya mwili. Kipimo chepesi kwa vifaranga ni makopo matatu ya nafaka iliyosagwa kwa kopo moja la dagaa au mashudu, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kwa matetea wanaotaga ongeza maganda ya mayai au ya konokono yaliyochomwa na kupondwa, ili yai lisiwe na ganda laini.

Mchwa ni bora kuliko dagaa, tena ni wa bure. Jaza nyungu iliyovunjika mabua makavu na samadi ya ng'ombe iliyoloweshwa kidogo, uifunike kifudifudi jioni juu ya njia ya mchwa, na asubuhi uifunue mbele ya vifaranga. Watoto hupenda kazi hiyo kuliko zote.

Mambo mawili katika chakula yanaua, nayo yote ni ya nchi yetu. La kwanza ni muhogo mchungu. Sumu iliyomo humwua kuku kama imwuavyo mtu. Kwa hiyo maganda na vipande vyake visitupwe uani vikiwa vibichi, bali viloweshwe na kukaushwa kabisa kama tufanyavyo kwa unga wa enyasa. La pili ni ukungu. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mama wa nyumbani huona uchungu kuyatupa na hivyo kuwamwagia kuku, huwa na sumu inayoharibu ini. Yachomwe.

CHANJO: CHUPA MOJA, NYUMBA KUMI

Sasa narudi kwenye kideri. Ipo chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa na wataalamu wa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Nayo, kama chanjo zote, yataka kuwekwa penye baridi. Ila huvumilia safari kuliko nyingine, ikifungwa katika kitambaa kilicholoweshwa na kuwekwa mbali na jua. Hutiwa tone moja katika jicho moja, kipimo kile kile kwa kifaranga na kwa jogoo. Haigharimu sana kwa kuku mmoja.

Basi kwa nini watu hawachanji? Sababu kubwa niliyoiona si ujinga, wala si uvivu. Ni ukubwa wa chupa. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa na maji haina budi kutumika siku ile ile. Mama mwenye kuku 12 hawezi kununua chupa ya kuku 100 na kumwaga iliyobaki. Hivyo huacha, akitumaini kwamba mwaka huu upepo utapita mbali.

Hapa ndipo watu wa kambini wanapowazidi raia wa vijijini, kama wangetambua. Nyumba zao zimepangwa kwa mistari, watu wamehesabiwa, na amri ikitoka jioni hufika kila mlango kabla ya giza. Nyumba 10 zenye kuku 10 kila moja ni chupa moja. Mama yule wa Koboko, baada ya hasara yake, alizunguka mlango kwa mlango na daftari la shule la bintiye, akaandika kila jina na idadi ya kuku, akakusanya fedha kidogo kidogo. Mzee mmoja, koplo aliyekaribia kustaafu, alimwambia, "Mama, kuku hachanjwi, kuku hufa Mungu akipenda." Akamjibu, "Sawa, baba, lakini wako wakifa watawaua na wangu." Koplo akatoa fedha yake.

Mpango ulio mwepesi kukumbuka ni mara tatu kwa mwaka: Machi, Julai na Novemba. Ile ya Novemba isikosekane kwa hali yoyote, kwa sababu kinga huchukua wiki moja hata mbili kujengeka, na pepo kavu huanza Desemba. Chanjeni alfajiri au usiku, kuku wakiwa bado bandani. Mmoja amshike kuku kwa ubavu, jicho moja likitazama juu. Mwingine adondoshe tone bila ncha ya kidonyezi kugusa jicho. Wangoje kuku apepese, kisha wamwachilie. Kuku aliyekwisha kuugua asichanjwe; amekwisha kuchelewa.

Na pa kununulia pachunguzwe. Mimi mwenyewe niliwahi kununua chanjo katika duka moja la dawa za mifugo mjini, ikatolewa katika kabati la kioo lililopigwa na jua la adhuhuri. Niliichukua kwa kuona haya ya kuuliza. Kuku 9 kati ya 15 wangu walikufa msimu ule. Sasa huuliza jokofu liko wapi, na nisipoonyeshwa huondoka. Ofisi ya mifugo ya wilaya yaweza kumwelekeza mtu mahali pa kuaminika, na kwa watu wa Arua iko pia taasisi ya utafiti wa kilimo ya Abi, ambayo kazi yake ni eneo hili la West Nile.

Kideri kikiingia hata hivyo, fanya yale ambayo moyo hautaki. Usiwauze waliosalia, mnunuzi ataubeba ugonjwa hadi kijijini kwake. Usiwagawie jamaa. Waliokufa wachomwe au wazikwe chini sana, pamoja na manyoya na matumbo, ambayo mbwa wa kambini hupenda kuyatawanya. Osha banda, lipake chokaa, na ungoje siku 30 tangu kufa kwa kuku wa mwisho kabla ya kuingiza mwingine.

Ndui nayo ina chanjo yake, huchomwa mara moja katika ngozi ya ubawa. Minyoo itolewe kila miezi mitatu. Kwa chawa na viroboto, shimo la majivu na mchanga mkavu karibu na banda hufanya kazi nzuri. Kuku watajiogesha wenyewe.

SIKU YA UHAMISHO

Limebaki jambo ambalo vitabu vya ufugaji havilisemi, kwa sababu haviandikwi kwa ajili ya askari. Barua ya uhamisho ikija leo, na gari liondoke baada ya siku tano, kuku 40 watakwenda wapi? Wengi huwauza kwa bei ya kutupa kwa wachuuzi wanaojua kabisa kwamba mwenyewe hana nafasi ya kungoja.

Njia iliyo bora ni kujitayarisha mapema. Usiruhusu kundi lizidi lile unaloweza kuligawa kwa siku tatu. Uza majogoo kila Desemba kabla ya Krismasi, na kabla ya Idi, bei inapokuwa nzuri, wala usiwalimbikize kama akiba ya benki. Tena weka matetea wawili au watatu kwa ndugu au rafiki kijijini kwa ile desturi ijulikanayo mahali pengi: mlezi hulea, na vifaranga hugawanywa nusu kwa nusu. Ukihama, mbegu yako inabaki, na ukirudi hukuanza upya. Wale utakaosafiri nao wasafirishwe usiku au alfajiri, katika tenga lisilojazwa, wakiwa wamechanjwa si chini ya wiki mbili kabla, na uulize ofisi ya mifugo kuhusu hati ya kuwasafirisha.

Mama wa Koboko naye alipata barua yake. Mumewe alihamishiwa Arua, safari ya kilomita 55 hivi kwa barabara ya lami. Aliwauza 22, akawaacha 6 kwa shemeji yake upande wa Oraba, akasafiri na matetea wanne na jogoo mmoja. Daftari alilibeba pia. Nilipomtembelea katika nyumba yake mpya, ukurasa wa kwanza wa Arua ulikuwa umekwisha kuandikwa: nyumba 7, kuku 83, na majina mawili yaliyowekewa alama ya kuuliza, ambayo alisema angeyarudia jioni, waume wao wakiwa wametoka kazini.